Mtani wa Nyanya Yuko Wizara ya Ulinzi

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Sijamwambia mtu jambo hili, hata rafiki yangu Riziki. Nataka kuwa Mheshimiwa. Nikiulizwa hujibu daktari, na watu huridhika. Lakini ninachotaka ni kusimama bungeni, niseme jambo, na jambo hilo lifanyike.

Ni kichekesho. Dukani kwa Bwana Jivan huwa naandika ninachotaka kwenye kikaratasi na kukisukuma juu ya meza yake, ili nisiseme. Yeye hudhani nafanya mazoezi ya mwandiko.

Leo kama kawaida. Maktaba wakati wa mapumziko. Bado tuko katika chumba cha zamani cha majembe, lakini jengo jipya limekwisha pakwa rangi. Nilikuwa nabandika namba kwenye migongo ya vitabu, gundi mpaka kwenye nyusi, Mwalimu Kahindi akaingia na habari. Maktaba mpya itafunguliwa tarehe ishirini. Mgeni ni Mheshimiwa Tima Athumani, Katibu katika Wizara ya Ulinzi. Wa hapa hapa Takaungu. Zamani alikuwa mwakilishi wetu katika Bunge la Kaunti kule Malindi. Siku hizi yuko Nairobi na majenerali.

Wasifu wake utasomwa na mwanafunzi. Mwanafunzi huyo ni mimi. Nilitikisa kichwa kukataa, lakini Mwalimu alikuwa amekwisha kunipa mgongo.



Jumanne, tarehe 4 Februari

Nimemwambia Nyanya. Nilidhani atafurahi.

Bi Tima ni mkoi wake. Mama yake Nyanya na baba yake Bi Tima ni ndugu wa tumbo moja. Na huku kwetu wakoi ni watani. Mtani hukutukana mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Anaweza kuingia jikoni mwako akaondoka na sufuria ya samaki, ukamtazama tu. Ukikasirika, wewe ndiye uliyeuvunja undugu.

Nyanya hakufurahi. Aliendelea kuchambua mchele. "Huyo sasa ni Serikali," akasema. "Serikali haina mtani."

Tangu Bi Tima aende Nairobi hajafika nyumbani kwetu. Huja salamu tu. Sikukuu iliyopita kilikuja kitenge, kimeletwa na dereva. Nyanya alikipokea kwa mikono miwili, akamwambia dereva amfikishie Mheshimiwa shukrani nyingi na dua. Nilikuwepo. Ilikuwa adabu tupu. Kisha akakifungia sandukuni. Mpaka leo hakijaona cherehani.

Nyanya akicheka husikika ng'ambo ya mto. Leo hakucheka. Sipendi nyumba ikiwa hivi.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Wasifu rasmi umefika kutoka Nairobi. Ukurasa mmoja. "Alihudumu katika kamati mbalimbali." "Ana tajiriba pana." Nimeusoma na kuurudia. Hamna mtu ndani. Ni kama kufungua kopo la samaki ukakuta mchuzi peke yake.

Mwalimu Kahindi mwenyewe alipiga mwayo katikati. Akaniambia niandike wangu. Mwalimu Mkuu ataukagua, lakini niandike.

Kuandika naweza. Ningeweza kuandika mpaka kesho. Tatizo ni kile kinachofuata baada ya kuandika.

Kesho darasa letu linakwenda Malindi kuliona Bunge la Kaunti. Ilipangwa tangu muhula uliopita. Bahati.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Malindi. Riziki alitapika tulipofika Gede, akasema ni kwa sababu ya historia.

Bunge lina baridi. Viti vizito. Siwa, rungu la Bunge, imelala mezani inang'aa. Anayeibeba huitwa mpambe, mzee wa glavu nyeupe, mpole. Mwalimu alimwuliza kuhusu Bi Tima. Mzee akacheka hadi akashika nguzo.

Kumbe Bi Tima alipochaguliwa mara ya kwanza alikaa miezi bila kusema neno. Wenzake walimwita Bubu wa Takaungu. Alikuwa akija na kikaratasi. Anakikunja, anakikunjua, anarudi nacho nyumbani. Watu wakaanza kusema Takaungu wamechagua kiti.

Kisha Jumanne moja alirudi kutoka nyumbani, akasimama, akapewa nafasi. Alisema kwa sauti ya kuuzia samaki, kasema mzee. Alitaka kujua kwa nini wavuvi wakipotea baharini wake zao ndio wanaozunguka kuomba boti za kuwatafutia.  Tangu siku hiyo ikawa kazi kumketisha.

Kikaratasi!  Nilitaka kuuliza: nyumbani kulitokea nini? Badala yake niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Tukapanda basi. Nilijichukia kutoka Malindi mpaka Kilifi. Baada ya Kilifi nilisinzia.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Nyumbani naweza kuuliza. Nimemwuliza Nyanya alipotoka kuswali. Kwanza alikaza uso. Kisha kicheko kikamshinda.

Ni yeye!

Bi Tima alikuwa akija kila Ijumaa analia hapa jikoni. Nyanya akachoka na machozi. Siku moja akaweka mbuzi wa kukunia nazi katikati ya jiko, juu yake akalaza mchi. Hiyo ndiyo siwa. Yeye akawa Spika, akawa na wapinzani wote pia. Bi Tima akifungua mdomo tu, Nyanya anamkatiza: "Hoja ya nidhamu! Huyu anayetaka kuwalinda wavuvi alipewa kulinda papa mmoja tu, na papa akaliwa na kunguru!"

Hadithi ya kunguru ni ya kweli. Bi Tima alikuwa mdogo. Papa wa arusi alianikwa juani, yeye akakalishwa hapo na fimbo. Akalala. Alipoamka, kunguru wamebakisha mkia, na mmoja amesimama kwenye goti lake akimtazama. Arusi ikala maharage. Mpaka leo wapo wazee wanaosema ndoa ile ilikuwa na upepo mwingi.

Kwa mtani huwezi kununa. Inabidi ujibu. Basi Bi Tima akajifunza kujibu, huku moshi unamwingia machoni na Nyanya anapiga sufuria kwa mwiko. "Aliyepita kwenye mdomo wangu," Nyanya akasema, "pale Malindi nani atamtisha?"

Alikuwa anacheka, kisha akaacha ghafla. Akaenda kufunga kuku.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Nimeandika mchana kutwa. Nimefurahi. Mkono una wino mpaka kwenye kiwiko.

Nimemweka Bi Tima aliyeshindwa uchaguzi wa kwanza, aliyepita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli ya mumewe. Bi Tima bubu. Jiko la Nyanya. Siku aliyosimama. Halafu miaka ya kudai boti ya uokoaji, mpaka maofisa wa wanamaji wakaja kumsikiliza. Aliwauliza maswali hadi mmoja wao akaomba maji. Mpambe ndiye aliyelihadithia hilo. Kisha kipindi cha pili, kisha Nairobi ikamwita. Anayejua bahari inavyomeza watu, na hanyamazi, walimhitaji.

Kunguru nimemtoa. Nikamrudisha. Nikamtoa tena. Nikasoma bila yeye, ukurasa ukawa kopo lile lile. Nimemrudisha.

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Mwalimu Mkuu amesoma. Ni mtu mwema ila huogopa sana wageni. Alipiga mstari mwekundu juu ya kunguru. Akapiga mwingine juu ya jiko. Alisema hatuwezi kumtajia Katibu wa Ulinzi kunguru mbele ya wanajeshi, wala kusema alifundishwa kazi na mchi.

Mwalimu Kahindi alijaribu kunitetea. Aliniangalia ili nami niseme neno. Nilitazama viatu vyangu.

Nimeandika upya. Sasa ni safi. Hauna hata harufu.

Jumatano, tarehe 12 Februari

Nyanya amesikia kwamba naogopa kusoma. Riziki ndiye aliyesema, na nitamlipizia. Niliporudi kutoka shuleni nilikuta mbuzi katikati ya jiko na mchi juu yake.

"Mheshimiwa wa Kidato cha Tatu," akasema, "Bunge linakungoja."

Nikaanza. Sikumaliza sentensi. "Hoja ya nidhamu! Msemaji huyu mpaka leo akimwona bata wa Bi Zena hupita uchochoro wa nyuma!" Machozi yalinijia. Kweli. Nilitaka kwenda chumbani. Kisha nikajiona jinsi nilivyosimama, nimeshika karatasi, nimefokewa na ajuza mwenye mwiko, nikacheka. Mjukuu na nyanya yake ni watani pia. Nilikuwa nimesahau.

Nikasema bata yule ana meno. Nyanya akapiga makofi. "Ehee! Endelea!"

Nikasoma mpaka mwisho. Akaweka mwiko chini.

"Na kunguru?"

Nikasema ametolewa.

"Na jiko?"

Limetolewa.

 Nyanya aliinua mchi akaurudisha kinuni. Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Nyanya ameamua. Atafunga njia.

Hili linahitaji maelezo, hata kwangu mwenyewe ili nitulie. Arusini, watani hutandaza leso njiani. Bwana arusi hapiti mpaka atoe kitu, au afanye wanachotaka. Hakuna anayekasirika. Siku Bi Tima alipokwenda kuapishwa Malindi, Nyanya alimfungia njia pale penye mwembe uliokatwa. Bi Tima akashuka kwenye gari, akavua viatu, akatembea pekupeku mpaka mlangoni kwetu, akanywa maji kwa kata ya kifuu mkononi mwa Nyanya. Ndipo akaenda kuwa Mheshimiwa.

"Akiwa bado mtani wangu, atavua viatu," Nyanya kasema. "Akiwa Serikali atapita, nami nitajua nimekwisha kumzika."

Nikamwambia safari hii kuna bunduki. Akasema bunduki hazivai viatu.

Leso yenyewe ameitoa. Ni ile ile ya siku ya kuapishwa. Nyekundu, maandishi meusi: HUPITI BILA KUNIJUA.

Nina hofu. Kweli nina hofu.

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Nimejaribu kumkanya. Haikusaidia. Bi Zena, jirani yetu, amekubali kushika ncha ya pili ya leso. Riziki amelia kwamba ncha hiyo alitaka yeye.

Nikimwambia Mwalimu Mkuu, Nyanya atazuiwa nyumbani kama mbuzi, na hatajua jibu maishani mwake. Nisipomwambia, sijui. Nimepima pande zote. Sitasema. Mara hii kunyamaza kwangu nimekuchagua mwenyewe.

Jumanne, tarehe 18 Februari

Walinzi wametangulia kuja kukagua. Wamepita barabara yote kwa miguu. Wametazama ndani ya pipa la maji. Mkubwa wao ni mrefu, miwani myeusi, si wa pwani. Amenikuta maktaba mpya nikipanga vitabu. "Hii area iko na shida yoyote, msichana?"

Nilitaka kumwambia: ukiona leso, ni mapenzi. Ilikuwa sentensi fupi tu. Nikafungua mdomo. Nikafunga. Nikatikisa kichwa. Akasema "sawa sawa," akachungulia chini ya meza.

Jikoni jioni Nyanya alinifanyisha mazoezi kwa ukali. Sauti sasa inatoka, lakini jikoni tu.

Alhamisi, tarehe 20 Februari

Niandike kwa utaratibu. Furaha inataka kunitangulia.

Asubuhi tulipangwa kando ya barabara, sare zimepigwa pasi, bendera ndogo mikononi. Mimi mbele karibu na Mwalimu Kahindi, wasifu umekunjwa mfukoni. Jua kali. Tukangoja mpaka wa Kidato cha Kwanza wawili wakakaa chini.

Magari yakatokea. Meusi, yanafuatana. Na Nyanya naye akatokea, kutoka uchochoro wa kwa Bi Zena, amevaa buibui lake la arusi. Wakaitandaza leso barabara nzima. Wakasimama.

Gari la kwanza likafunga breki. Walinzi wakaruka chini. Yule mrefu akaisoma leso. Nilimwona akiisoma polepole, HUPITI BILA KUNIJUA, kisha akasema kwenye redio yake: "Maandamano. Kuna maandamano hapa."

Akamwendea. "Mama, ondoa hiyo kitu kwa barabara."

Nyanya hakutikisika. "Kwenu hakuna shikamoo, mwanangu?"

Akababaika. "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa, hii si kitu, hii ni leso. Na wewe sikuzuii, namngojea bosi wako. Kamwambie ashuke."

Akamwambia atalazimika kumwondoa. Bi Zena akaanza kutetemeka, na leso ikatetemeka upande wake. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshika kichwa. Mlinzi akaashiria kwa mkono, na gari la katikati, lile lenye vioo vyeusi, likaanza kurudi nyuma ili lizunguke kwa njia ya mashambani.

Hapo nikauona uso wa Nyanya. Hakulia. Alianza kuikunja leso. Taratibu, vizuri, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Sikufikiri. Nilitoka kwenye mstari. Nilisikia sauti kubwa inasema, "Afande! Si maandamano! Huyo ni mtani wake! Mwambie Bi Tima avue viatu!"

Ilikuwa sauti yangu.

 Bendera zote ziliacha kupepea. Mlinzi aligeuka akanitazama. Nilitaka kuzama, lakini maneno mengine yalikuwa yamekwisha panga foleni. Nikamwambia kwamba ni desturi, hufanywa arusini, hakuna anayeumia. Kwamba ni yeye huyu aliyemfundisha kusema. Kwamba gari likizunguka watakuwa wamevunja kitu ambacho jeshi zima haliwezi kukiunga. Nilisema yote hayo kwa kelele. Sauti ya kuuzia samaki.

Gari likasimama. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani kabla walinzi hawajaufikia.

Bi Tima ni mfupi kuliko nilivyodhani. Suti ya samawati, mtandio. Aliitazama ile leso iliyokunjwa nusu. Akaweka mikono kiunoni.

"Mishi! Kumbe hujafa?"

Nyanya akaikunjua leso tena, pwaa. "Nife, nani akulinde wewe? Nchi nzima wamekukabidhi, na papa mmoja alikushinda!"

Watu wa Takaungu wote wanaijua hadithi ile. Kicheko kilianzia kwa wazee kikashuka mpaka kwa watoto. Maofisa watatu waliovaa magwanda walitazamana, hawajui kama ni halali kucheka. Mmoja alishindwa.

Bi Tima akavua viatu. Yule mlinzi mrefu akavipokea, akavishika mbali na mwili wake kama mayai. Mchanga ulikuwa moto. Katibu wa Ulinzi akaenda akirukaruka, "uu, uu, Mishi nitakufunga wewe," na Nyanya nyuma yake akimwambia jeshi gani hili linaogopa mchanga. Msafara wote ukamfuata kwa miguu mpaka mlangoni kwetu. Maji akanywa. Kata ile ile.

Kisha ndipo aliposema neno nililolisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Nilikutumia kitenge, nikangoja unitukane. Nilijua utasema kina rangi ya kinyesi cha bata. Dereva akaniletea shukrani na dua. Mishi, nililia. Nikajua kwako nimekuwa mgeni. Nitakujaje nyumba ninayokaribishwa kwa adabu?"

Nyanya alitazama chini. "Mimi niliona umemtuma dereva. Nikasema huyu ameanza heshima."

Wote wawili walikuwa wakingoja tusi. Muda wote huo. Kila mmoja anamheshimu mwenzake huku moyo unamuuma.

Nyanya akafuta macho kwa upindo wa leso. "Na kweli kina rangi ya kinyesi cha bata," akasema.

Maktaba. Viti, hema, maikrofoni. Jina langu likaitwa. Nilipopita mbele ya Mwalimu Mkuu alinivuta mkono, jasho linamtiririka, akaninong'oneza: "Mrudishe kunguru."

Jiko nililirudisha mwenyewe, bila kuambiwa.

Karatasi nilikuwa nayo lakini sikuitazama sana. Nilianza chini mno. Kutoka safu ya wazee ikaja: "Sauti! Hoja ya nidhamu! Huyu akimwona bata..." Nikasubiri kicheko kipite. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, namwomba Bi Mishi aketi, zamu yake imekwisha." Wakaangua kicheko. Nyanya akaketi. Basi nikaendelea, na hofu ikaniacha mahali fulani kati ya baiskeli na Bubu wa Takaungu. Nilipofika kwa wavuvi waliopotea hakuna aliyecheka. Wako wanawake pale ambao waume zao hawakurudi. Mmoja alijifunika uso. Bi Tima alikuwa akiangalia mbali, midomo inakwenda. Nadhani alikuwa anayasema pamoja nami maneno ya siku ile.

Alikata utepe. Hotuba yake ilikuwa fupi. Alisema nchi hulindwa na wanaokujua vizuri kiasi cha kukutukana. Mwalimu Mkuu aliandika maneno hayo. Sijui atayafanyia nini.

Alipoondoka alinishika bega. Aliniuliza nataka kuwa nini. Watu walikuwa wengi. Nikasema, "Mheshimiwa." Kwa sauti ya kawaida. Hakucheka. Akasema basi nizidi kwenda jikoni.

Ijumaa, tarehe 21 Februari

Koo limekauka. Nimekunywa tangawizi.

Riziki hanisemeshi kwa sababu sikumwambia ninachotaka kuwa, akasikia pamoja na ulimwengu wote. Mpaka saa ya chakula cha mchana alikuwa amenisamehe, kwa masharti. Akiwa waziri wangu hataki wizara yenye safari za basi.

Nyanya amekitoa kitenge. Ni kibaya kweli. Amekipeleka kwa fundi.

Jumamosi, tarehe 22 Februari

Asubuhi tulivu. Nimefagia uwanja. Nyanya amelala barazani, mguu mmoja juu ya mwingine. Mchi uko kinuni, mbuzi yuko ukutani. Nimekata mchicha.

Sukari ilikuwa imekwisha. Nilichukua kikaratasi nikaandika, kwa mazoea. Nikakitazama. Nikakitia jikoni kuwashia moto.

Nikaenda kwa Bwana Jivan. Nikapita kwa Bi Zena, uchochoro wa mbele. Bata alikuwapo. Dukani redio ilikuwa juu. Nilimsalimia, nikasema nataka sukari nusu kilo, majani ya chai, na sabuni ya kipande.

Bwana Jivan alinyoosha mkono apokee kikaratasi, hakukiona. Akapunguza redio.

"Wasemaje, mwanangu?"

Nikasema tena.